Mgonjwa hakupona? Msimkimbilie na "imani haba"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwajibu wasomaji wenzangu wanaoandika kwamba Mkatoliki asiyepona baada ya kuombewa ajichunguze mwenyewe, kwa kuwa "imani yake ni haba". Maneno hayo hutamkwa kwa wepesi sana kando ya vitanda vya wagonjwa, na wanaoyatamka huamini kwamba wanainukuu Injili. Basi tuifungue hiyo Injili tuone.

"Imani haba" ni msemo wa Mathayo zaidi ya mwinjili mwingine yeyote. Katika sura ya 8 chombo kinafunikwa na mawimbi, wanafunzi wanapiga kelele, Yesu anawaita wenye imani haba, kisha anasimama kuukemea upepo na bahari inatulia. Katika sura ya 14 Petro anazama, naye anaambiwa maneno hayo hayo, ila wakati anaambiwa tayari mkono umeshanyoshwa na ameshashikwa. Sura ya 16 wanahangaikia mikate, ilhali wale 5,000 na wale 4,000 wameshakula wakasaza. Popote hapo imani ni haba, na muujiza umetendeka vilevile. Halafu inakuja sura ya 17, ya kijana mwenye kifafa ambaye wanafunzi walishindwa kumponya. Wanamwuliza Yesu faraghani kwa nini walishindwa, na jibu ni upungufu wa imani yao. Yao waombeaji! Kijana hakuulizwa lolote. Kwa hiyo anayetaka kulitumia neno hilo jinsi lilivyoandikwa, aanze na aliyeshika kipaza sauti, si na aliyelala mkekani.

Nadhani kosa linaanzia kwenye maana ya imani yenyewe. Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa imani ni uhakika usiotikisika kwamba nitakipata ninachokiomba, kwa hiyo mwenye uhakika mwingi hupata kingi. Kanisa halifundishi hivyo. Katika Katekisimu, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, imani ni fadhila ya Kimungu: zawadi anayoitoa Mungu mwenyewe, ambayo kwayo mtu anamsadiki Mungu na yote aliyoyafunua. Kusadiki kwamba Mungu anaweza kuniponya ni sehemu ya imani hiyo. Kudai kwamba ataniponya mimi, ugonjwa huu, wiki hii, hilo halikufunuliwa popote. Ni ombi, na ombi ni jambo jema kabisa, lakini halijawa fundisho la imani. Mfano mzuri kuliko yote ni wale vijana watatu mbele ya tanuru katika kitabu cha Danieli, sura ya 3. Wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wanaongeza maneno ambayo wahubiri wengi wa siku hizi wangeyaita ukosefu wa imani: "Bali kama si hivyo". Hata asipotuokoa, hatusujudu. Imani yao haikuegemea matokeo.

Tena kuna suala la imani ya nani. Hapa Injili ina utajiri ambao tunaupita mbio.

Tazama Marko sura ya 2. Nyumba imejaa hadi mlangoni. Watu wanne wamembeba aliyepooza, hawana pa kupenya, wanapanda naye darini. Dari za kule zilikuwa za boriti, matawi na udongo uliokandikwa, kwa hiyo kuitoboa ni kuwamwagia vumbi na vibonge waliokaa chini, na Yesu akiwa mmojawapo. Tundu linapanuliwa mpaka linatosha godoro, kisha mgonjwa anashushwa taratibu. Mwinjili anasema Yesu "alipoiona imani yao". Wao, waliotoka jasho wakaharibu nyumba ya watu. Huenda mgonjwa naye alikuwemo katika hao, huenda hakuwemo. Maandiko hayatuambii kama alifungua hata kinywa. Na neno la kwanza analoambiwa halihusu miguu: "Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Kama habari ingeishia hapo, wengi wetu tungesema maombi hayakujibiwa.

Yule wa birika la Bethzatha, katika Yohane sura ya 5, aliugua miaka 38. Anaulizwa kama anataka kuwa mzima, na badala ya kukiri imani analalamika kuwa hana mtu wa kumtia birikani. Anapona. Aya ya 13 inasema hata hakumjua aliyemponya. Mjane wa Naini hakuomba kitu; alikuwa analia tu, na Yesu akamwonea huruma. Malko, mtumishi wa Kuhani Mkuu, alirudishiwa sikio lake usiku ule ule aliokuja na kundi la kumkamata Yesu. Naamani Mshami, katika Wafalme wa Pili sura ya 5, aligeuza gari kwa hasira kwa sababu nabii hakutoka nje kumpungia mkono, akasema mito ya kwao ni bora kuliko Yordani; watumishi wake ndio waliombembeleza. Alijichovya mara saba huku, nadhani, bado amenuna.

Pamoja na hao wapo wanaosifiwa kwa imani yao wenyewe: mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, Bartimayo kipofu, yule Msamaria mmoja kati ya wakoma kumi. "Binti, imani yako imekuponya" ni neno la kweli. Imani hufungua mlango, nayo ndiyo njia ya kawaida ambayo Yesu anapenda kuipitia. Ila hatuwezi kulichukua neno lililosemwa kwa aliyepona, kwa sifa, tukaligeuza kuwa hukumu kwa asiyepona. Hakuna mahali katika Injili ambapo mgonjwa alimjia Yesu akarudishwa na ugonjwa wake kwa sababu imani yake haikutosha kipimo. Aliyekaribia kabisa hali hiyo ni baba wa yule kijana mwenye kifafa, ambaye kwa Marko alisema waziwazi, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mwanawe akapona.

Najua nitaulizwa habari za Nazareti. Marko 6:5 inasema Yesu hakuweza kufanya muujiza wowote huko, na aya ya 6 inataja kutokuamini kwao. Wanaoipenda aya ya 5 husahau nusu yake ya pili: isipokuwa aliweka mikono juu ya wagonjwa wachache akawaponya. Halafu tutazame Wanazareti walikuwa na hali gani. Hawakuwa watu wa imani dhaifu waliojikongoja kwenda kuomba, walimkataa. "Huyu si yule seremala?" Nguvu za Mungu hazikupungukiwa mafuta kama taa. Muujiza katika Injili ni ishara, na ishara huwekwa ili isomwe. Mahali ambapo watu wameamua mapema kutosoma, Mungu hawalazimishi. Mgonjwa anayelia usiku akiomba nafuu hana ujamaa wowote na watu hao, na kumfananisha nao ni kumtonesha kidonda.

Hiyo ndiyo sababu Kanisa Katoliki linaiweka miujiza pale linapoiweka. Mtaguso (yaani mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, uliihesabu miujiza kati ya ishara za nje zinazoonyesha kwamba kuamini si upofu. Yaani mara nyingi muujiza hutangulia na imani hufuata. Wala haifuati kwa nguvu: baada ya Lazaro kufufuliwa, wengine waliamini, wengine walikwenda kushtaki, na mpango wa kumwua Yesu ukakazwa. Mwaka 1902 daktari Mfaransa Alexis Carrel, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, alishuhudia kwa macho yake huko Lourdes, mji wa hija wa Ufaransa, mwanamke mahututi akipata nafuu ndani ya saa chache, naye akabaki na mashaka yake kwa miaka mingi. Jambo la kuchekesha ni kwamba Kanisa nalo halikulitangaza tukio hilo kuwa muujiza.

Nikizungumzia Lourdes nataka niende taratibu kidogo, maana ndipo inapoonekana jinsi Kanisa linavyopima, na katika vipimo vyake hamna hata kimoja kiitwacho ukubwa wa imani ya mgonjwa.

Bernadette Soubirous, msichana wa Lourdes, alitokewa na Bikira Maria mara 18 mwaka 1858. Ofisi ya madaktari ya kuchunguza uponyaji ilianzishwa hapo mwaka 1883. Anayedai amepona hujiandikisha kwa daktari wa ofisi hiyo, ambaye huita madaktari wengine waliopo, wa dini yoyote au wasio na dini, wamhoji na kumpima. Huulizwa vyeti: ugonjwa ulithibitishwa na nani, lini, kwa kipimo gani, dawa zipi zilitumika. Kama vyeti havipo, jalada kwa kawaida huishia hapo. Vikiwepo, mtu huyo hufuatiliwa kwa miaka, kisha kamati ya kimataifa ya madaktari huamua jambo moja tu, kama uponyaji huo unaelezeka kwa elimu ya tiba iliyopo sasa. Madaktari hawatamki neno muujiza. Neno hilo ni la askofu, tena askofu wa jimbo anakoishi aliyepona, si yule wa Lourdes. Madai zaidi ya 7,000 yameandikishwa. Mwaka 2018 lilipotangazwa la Sista Bernadette Moriau, lilikuwa la 70 tu kutambuliwa kama muujiza. Alipona Julai 2008, akiwa amesharudi nyumbani kutoka hija, na uchunguzi ulichukua karibu miaka kumi. Mwenyewe alisema hakwenda kuomba muujiza. Na miongoni mwa walioponywa mwaka ule wa kwanza kabisa, 1858, yumo Justin Bouhort, mtoto wa miaka miwili, ambaye mama yake alimtumbukiza katika maji baridi ya chemchemi watu wakimwona amerukwa na akili. Mtoto wa miaka miwili ana imani kiasi gani? Alibebwa na imani ya mama, kama yule wa darini.

Vigezo vinavyotumika ni vya zamani. Viliandikwa na Prospero Lambertini katika kitabu chake kikubwa cha miaka ya 1734 hadi 1738, kabla hajawa Papa Benedikto XIV. Ugonjwa uwe mzito, usiotibika au mgumu sana kutibika. Usiwe umefikia hatua ambayo kwa kawaida ungeweza kuanza kupungua wenyewe. Dawa ziwe hazikutumika, au zilitumika zikashindwa. Uponyaji uwe wa ghafla, uwe kamili, usiwe umetanguliwa na badiliko la mwili linaloweza kuueleza, na ugonjwa usirudi. Madai mengi huanguka kwenye ghafla na kutorudi. Maumivu ya mgongo yaliyopungua siku ya mkesha yakarudi Alhamisi ni nafuu, tumshukuru Mungu kwa nafuu hiyo, lakini si muujiza, na kuyatangaza kuwa muujiza ni kuwapa wasioamini sababu ya kucheka.

Huko Roma, katika kesi za kuwatangaza wenye heri na watakatifu, utaratibu ni mkali vivyo hivyo. Kwa kanuni zilizochapishwa mwaka 2016, jopo la madaktari huwa na watu wasiopungua sita, na kwa kawaida saba. Wanahitajika watano kati ya saba, au wanne kati ya sita, wakubaliane kwamba uponyaji hauelezeki kisayansi. Tukio moja haliwezi kuchunguzwa zaidi ya mara tatu. Hata malipo ya wataalamu hupitia benki, yasitolewe mkononi. Aliyeandika kipengele hicho anawajua binadamu. Baada ya madaktari huja wanateolojia, na hao hutazama kama kweli mgonjwa au ndugu zake walimwomba yule anayependekezwa kuwa mwenye heri au mtakatifu awaombee, na kama ombi lilitangulia uponyaji. Wanachotafuta ni sala iliyosaliwa. Hawaulizi ilisaliwa kwa uhakika wa asilimia ngapi.

Sasa, Mhariri, tuje kwenye njia ya kawaida, ambayo Mkatoliki ameachiwa na Kristo kwa wakati wa ugonjwa, na ambayo inasahauliwa kwa sababu haina kelele: Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa.

Msingi wake ni Yakobo 5:14-15. Anayeitoa ni padre au askofu tu, kwa mujibu wa kanuni ya 1003 ya Sheria ya Kanisa; shemasi hawezi, katekista hawezi, kiongozi wa kikundi cha maombi hawezi, hata awe na karama ya namna gani. Mafuta ni ya zeituni au ya mmea mwingine, hubarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma. Padre akibanwa na dharura anaweza kuyabariki mwenyewe, lakini ndani ya adhimisho lenyewe. Mgonjwa hupakwa kwenye paji la uso na mikononi. Ikiwa haiwezekani, mpako mmoja wa paji la uso unatosha.

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa, ni kuchelewa. Watu huogopa kwamba padre akionekana mlangoni mgonjwa atajua anakufa, basi humwita wakati macho yameshageuka. Sakramenti hii si ya wanaokata roho peke yao. Inafaa kabla ya upasuaji mzito, inafaa kwa mzee ambaye nguvu zinamwishia, na inaweza kurudiwa mtu akipona akaugua tena au hali ikizidi kuwa mbaya. Aliyekwisha kufa hapakwi; ikiwa kuna shaka kama amekufa, anapakwa. Mwite padre wakati mgonjwa bado anaweza kuungama kwa kinywa chake na kumeza Komunyo. Mwambie mapema kama hawezi kumeza: kipande kidogo sana cha hostia kinatosha, na kanuni ya 925 inaruhusu, pakiwa na haja, apewe Damu ya Kristo peke yake. Mgonjwa na wanaomuuguza hawabanwi na ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo. Kando ya kitanda pawe na meza ndogo, kitambaa safi, msalaba, mshumaa, maji ya baraka, glasi ya maji ya kunywa na pamba kidogo ya kufutia mafuta. Televisheni izimwe. Wakati wa kitubio wote watoke nje, pamoja na yule shangazi anayetaka kumkumbusha mgonjwa dhambi zake.

Na inatenda nini? Inamuunganisha mgonjwa na mateso ya Kristo, inampa nguvu, amani na ushujaa, inamsamehe dhambi kama hakuweza kuungama, na inamrudishia afya ya mwili ikiwa inafaa kwa wokovu wake. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulisema juu ya afya hiyo ya mwili neno moja fupi: mara nyingine, yaani si sikuzote. Hapo sakramenti na imani hukutana vizuri. Neema hutolewa na Kristo kwa tendo lenyewe la sakramenti, haitegemei utakatifu wa padre. Lakini imani ya mgonjwa ndiyo mkono unaoipokea ili izae matunda. Mkono unaotetemeka nao hupokea.

Kuhusu mikutano ya kuombea wagonjwa, Kanisa haliikatazi. Lilitoa maelekezo yake tarehe 14 Septemba 2000, nayo yangepaswa kubandikwa kwenye kila mlango wa ukumbi. Sala za uponyaji za kiliturujia zinahitaji ruhusa ya wazi ya askofu wa jimbo. Zisichomekwe ndani ya Misa nje ya utaratibu wake. Chochote kinachofanana na jazba ya kupitiliza, maigizo au kutafuta msisimko kisiwepo, hasa kwa wanaoongoza. Mtu akidai amepona, ushuhuda wake ukusanywe baada ya adhimisho, kwa ukweli na usahihi, na upelekwe kwa mamlaka ya Kanisa. Kwa hiyo ile desturi ya kumpandisha mtu jukwaani dakika tano baada ya kuombewa, kabla hajapimwa, aitupe fimbo watu washangilie, inapingana na maelekezo hayo waziwazi. Maelekezo mengine ya Roma, ya mwaka 1997, yanawakataza waamini walei kuwapaka wagonjwa mafuta yoyote, si yale ya wagonjwa tu, ili watu wasije wakachanganya na sakramenti.

Jinsi ya kuomba yenyewe si fumbo. Taja ugonjwa kwa jina lake. Omba uponyaji bila haya, bila kumung'unya maneno, maana Bwana mwenyewe aliuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Waombe watakatifu wakuombee. Kisha umalizie alivyomalizia Yesu Gethsemane: si mapenzi yangu, bali yako yatendeke. Wapo wanaofundisha kwamba kuongeza maneno hayo ni kutia shaka na kuharibu ombi. Basi Mwana wa Mungu aliharibu ombi lake. Ukisali novena, ni siku tisa, kwa kumbukumbu ya zile siku za kumngoja Roho Mtakatifu kati ya Kupaa na Pentekoste. Ukiikosa siku ya tano, hakuna sheria ya Kanisa inayosema imeharibika uanze upya. Na ile inayodai lazima uisambaze kwa watu kadhaa la sivyo balaa litakupata, ifute. Katekisimu, namba 2111, inaita ushirikina kule kuipa sala au alama takatifu nguvu kwa utendaji wake wa nje tu, pasipo moyo. Maji ya baraka, chumvi, medali na rozari ni visakramenti. Vinamwandaa mtu kuipokea neema kwa sala ya Kanisa. Havifanyi kazi kama hirizi iliyobadilishwa jina.

Fedha nayo isemwe. Elisha alikataa zawadi zote za Naamani. Mtumishi wake Gehazi akakimbia nyuma ya gari, akadanganya, akachukua talanta mbili za fedha na nguo, na alipotoka mbele ya bwana wake ukoma wa Naamani ulikuwa juu yake. Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi, lakini walikuwa wakisema juu ya wanadamu. Simoni katika Matendo sura ya 8 alitaka kununua karama, na Petro akamwambia fedha yake ipotee pamoja naye. Kanuni ya 848 inamtaka mhudumu ahakikishe kwamba maskini hakosi sakramenti kwa umaskini wake, na kanuni ya 1190 inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu, yaani mabaki ya watakatifu. Ukiona mafuta yana bei na uponyaji una kiwango, umeshajibiwa.

Dawa pia. Yoshua bin Sira, katika kitabu chake kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki, sura ya 38, anaagiza mgonjwa asali, aache dhambi, kisha ampe daktari nafasi yake, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba. Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumkemea kwa kutoombewa vizuri. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge vya shinikizo la damu, sukari au virusi ili "aionyeshe imani yake" anamwambia amjaribu Mungu, jambo ambalo Yesu alilikataa juu ya kinara cha hekalu. Tena anaharibu hata kile anachokitafuta, kwa kuwa anayetupa vidonge na kuchana vyeti hana tena cha kuonyesha siku akipona kweli. Aliyeamini kwamba ameponywa aendelee na dawa mpaka daktari wake azipunguze mwenyewe. Aandike tarehe na saa ya badiliko, sala iliyosaliwa, walioshiriki na maombezi ya nani yaliombwa. Achukue nakala ya vipimo vya kabla na avirudie vya baada, ikiwezekana hospitali ile ile na kwa njia ile ile. Ampelekee paroko, paroko ampelekee askofu. Kisha angoje. Muujiza wa kweli hauharibiki kwa kungoja.

Wanabaki wale ambao hawakupona, nao ndio wengi. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mtu huyu vitambaa vyake viliponya wagonjwa, hata hivyo alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, na anaitaja habari hiyo kwa mstari mmoja bila kumlaumu mtu. Bernadette, aliyeifukua chemchemi ya Lourdes kwa vidole vyake, aliishi na pumu, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1879 akiwa na miaka 35. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1933. Katekisimu, namba 1508, inasema bila kuficha kwamba hata sala za bidii sana hazipati sikuzote uponyaji wa magonjwa yote.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Unapoletewa ushuhuda wa uponyaji ili uuchapishe, mwulize aliyeuleta mambo matatu: daktari aliyeuthibitisha ugonjwa kabla yuko wapi, vipimo vya baada vilichukuliwa tarehe gani, na askofu wa jimbo amesema nini. Akikosa yote matatu, mpe nafasi kwenye ukurasa wa matangazo, alipe kama wengine.

Wako msomaji,
Katekista